Siku Tuliyoanua Matanga ya Msimu

Wapendwa, amani iwe kwenu. Mchungaji amenipa dakika chache, na kwa kuwa ananijua, amekaa karibu na waya wa maikrofoni.

Mnaniona na suti. Shule niliiacha darasa la tano, lakini leo nina kampuni ya usafi, magari yana jina langu ubavuni, na mimi ndiye wa kwanza kutoka kwetu Taita kushika funguo za uwanja wa besiboli wa jiji hili. Kuna msomi hapa kanisani Brooklyn Center anazo? Anyooshe mkono. Haya.

Besiboli niliipenda nikiokota takataka zake. Wenzangu walinicheka: "Mzee, mchezo gani huo wa kusimama, kutafuna na kutema maganda ya mbegu?" Mwaka ule timu yetu ilishinda mpaka nikawa nalala na kofia. Tukaingia mtoano. Tukatolewa upesi, nyumbani kwetu, mbele ya macho yangu. Watu walitoka kimya kama wanaotoka makaburini.

Kesho yake mchana tuliingia kusafisha. Uwanja ulikuwa mtupu, ukungu umeshuka hadi kwenye nyasi. Nikasikia gongo likipiga mpira: ko! Halafu umati ukavuta pumzi, vile watu huivuta mpira ukiwa hewani. Nikangoja kelele. Ndugu zangu, nawaambia, hawakuitoa ile pumzi.

Mama mmoja wa Kongo, mfanyakazi wangu, ambaye bosi kwake ni Patron, alisimamisha ufagio.

"Patron, umesikia?"

"Nisikie nini? Fagia."

"Batu bangali humu. Habajaenda kwabo."

Nilimcheka. Lakini wenzangu walipoondoka, nikarudi peke yangu. Kesho yake tena. Nilikaa na jezi yangu, nangoja ile pumzi itoke, maana moyo uliniambia ikitoka tu, mpira utakuwa umevuka ukuta na tumeshinda. Theluji ya kwanza ilinikuta pale. Viti vyote vikawa vyeupe, isipokuwa safu yangu. Safu nzima ilikuwa kavu, kama imekaliwa.

Chakula kikanishinda. Wateja wangu wa kule Maple Grove wanapiga simu, sishiki. Mke wangu akasema, "Baba watoto, unanuka baridi hata kitandani. Sitaki kuwa mjane wa mtu anayepumua." Akaanza kufungasha nguo za watoto, aende kwa dada yake kule Champlin.

Ndipo yule mama akaja kunijulia hali. Hakuketi. Akauliza, "Patron, kwenu mutu akikufa, matanga munaimaliza namna gani?"

Nikamwambia: watu hula pamoja, kila mmoja anataja jema la marehemu, panafagiliwa, kila mtu anakwenda kwake.

"Na hii ya mupira, nani aliimaliza?"

Nikawapigia simu wenye uwanja. Mimi, ambaye simu nilikuwa sishiki.

Nikaomba ruhusa, tukaingia uwanjani mchana: mke wangu, watoto, wafanyakazi, na baadhi yenu mliopo hapa. Tulikuwa na chai na mandazi. Nikashukuru kwa ushindi wote niliouona kwa macho yangu. Mwanangu akasema kwa Kiingereza chake kwamba anashukuru kwa siku ile mvua ilisimamisha mechi, tukakaa wote chini ya koti moja. Mke wangu akasema, "Mimi nashukuru msimu umeisha." Mkacheka, nawakumbuka. Mwisho yule mama akazigeukia safu za viti vitupu: "Aksanti kwa yote. Sasa muende kwenu."

Tukafagia. Tukaketi mara ya mwisho, tukainuka. Mnajua vile viti hujikunja mtu akiinuka. Vyetu vilijikunja. Halafu safu ya nyuma yetu: pa. Pa. Papapa, mpaka juu kabisa ambako hakuna aliyekaa, uwanja mzima, kama mvua ya mawe kwenye mabati. Na ile pumzi ikatoka, ndefu, ikatupitia usoni ikiwa na joto. Mke wangu akanishika mkono: "Twende." Jioni ile alizirudisha nguo za watoto kabatini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, mke wangu, na ninyi mliokuja bila kuniita mwendawazimu. Jambo likikuangusha, lilie. Kisha taja mema yake kwa sauti, ufagie, uende kwako. Wale watu sijui ni kina nani. Lakini nimekaa nao, na nawaambia: walikuwa wakingoja kushukuriwa tu.