Historia ya Marehemu Yudith Noa, Aliyeita Pasaka Makaburini

Mwinjilisti Tadeo, wazee wa usharika, majirani zetu wa Kigombe na wote mliotoka mbali kuja kulia nasi, wakubwa shikamooni, mimi ni Laurenti Noa, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami nawaomba mnisikilize hadi mwisho hata pale patakapowakera, kwa sababu nimeandika haya nikiwa na uchungu na sikuweza kuuficha wote.

Yudith Noa alizaliwa Mlalo, Usambara, tarehe 14 Machi 1913, akabatizwa mwaka huohuo, akaingia shule ya misheni mwaka 1921, akasoma hadi darasa la nne, na angeendelea kama marehemu baba yetu asingeona kwamba darasa la nne linamtosha mtoto wa kike, jambo ambalo dada alimkumbusha baba kila alipopata nafasi, hata siku ya harusi yake.

Harusi hiyo ilikuwa tarehe 6 Juni 1931, alipofunga ndoa na Rafaeli, fundi mwashi, wakashuka pwani mwaka 1934 kufuata kazi katika mashamba ya mkonge, wakakaa kambini hadi mwaka 1946, Rafaeli aliponunua kwa jirani yetu Mzee Zubeiri kipande hiki cha shamba tulipoketi leo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ruthi, Kristofa na Elizabeti, ambao wako hapa mbele yenu, na wa mwisho, Noa, ambaye surua ilimchukua tarehe 2 Februari 1945, akazikwa katika makaburi ya usharika, na Rafaeli naye alipofariki tarehe 19 Septemba 1951 alilazwa kando ya mwanawe, na upande wake wa pili pakaachwa nafasi, nanyi nyote mnajua ilikuwa ya nani.

Kuanzia mwaka 1937 dada alifundisha darasa la ubatizo la akina mama, waliokuja jioni kutoka kwenye mkonge na mikono imechubuka, akawafundisha kusoma, kusali na kuuliza, na mmoja wao ni mke wa Mzee Methusela, mwenyekiti wa baraza letu la wazee, na mzee huyo siku zile hakuchoka kumsifu Yudith mbele ya wageni, na sina shaka kwamba alimaanisha.

Mnajua desturi yetu ya Pasaka, kwamba kabla ya jua kuchomoza tunakwenda makaburini, mwinjilisti anasimama katikati na kuita kwamba Bwana amefufuka, nasi tunaitikia. Pasaka ya tarehe 1 Aprili 1956 Mwinjilisti Tadeo alikuwa amelala ng'ambo ya Mto Pangani, pantoni ikakwama upande wa Bweni, wazee wakawa wanamngoja barabarani, na akina mama walikuwa wameshatangulia makaburini na maua yao, jua likaanza kutoka, watoto wakaanza kuuliza kama mwaka huu Bwana hafufuki, ndipo dada yangu aliposimama kati ya kaburi la mumewe na la mwanawe, akaita kwa sauti kubwa, akina mama wakaitikia, na wazee wakasikia kulekule barabarani kwamba Pasaka imeanza bila wao.

Baraza lilimwita tarehe 14 Aprili, na mimi nilikuwepo kama ndugu wa mwanamke. Mzee Methusela alisema kwamba wanawake waliomfuata Bwana walimhudumia kwa chakula na mali zao, na ni kazi ya heshima, ila mitume aliowachagua walikuwa kumi na wawili na wote wanaume, na Mtume Paulo aliagiza wanawake wanyamaze kanisani. Mwinjilisti Tadeo alisema Maria Magdalena alitumwa kweli na Bwana kuwapasha mitume habari ya kufufuka kwake, lakini kwa dharura, kwa kuwa wanaume walikuwa wamejificha, na jambo la dharura halifanywi sheria. Dada alijibu kwamba ya kwake pia ilikuwa dharura, kwa kuwa wanaume walikuwa barabarani, hapo wengine wakacheka na Mzee Methusela akachukia. Mzee mmoja akasema huyo Maria mwenyewe alikuwa malaya, dada akamwomba amwoneshe palipoandikwa hivyo, yule mzee akapekua kurasa kwa muda mrefu, kisha akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa. Dada akawakumbusha kwamba Paulo huyohuyo alimsifu Fibi kuwa mtumishi wa kanisa, na kwamba Priskila alimfundisha mwanamume msomi naye hakukataa kufundishwa, kisha akawauliza: "Wazee wangu, kama siku ile Petro angemwambia Maria nenda kanyamaze, leo mngekuwa mnaamini nini?"

Jibu alilopewa ni adhabu, akanyang'anywa darasa, akatengwa na Meza ya Bwana hadi atakaposimama mbele ya usharika na kusema kwamba alikosa. Kwa miaka miwili alikuja ibadani kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na Meza ilipotandikwa alitoka nje peke yake, na sisi ndugu zake tulimtazama akitoka na roho zikituuma.

Februari mwaka huu miguu ilianza kuvimba, tarehe 11 Mei tukampeleka hospitali ya Tanga, daktari akasema ni moyo, akatibiwa, akarudi nyumbani mwezi Julai akiwa na nafuu kidogo, kisha maji yakamjaa tena. Jumanne, tarehe 5 Agosti, Mzee Methusela alikuja kitandani kwake, akamsihi kwa machozi aseme neno moja tu, nimekosa, ili kengele ipigwe na alazwe karibu na Rafaeli, mambo ambayo usharika huwanyima waliotengwa. Dada alilia sana, maana alimpenda Rafaeli, kisha akasema: "Mzee, nikisema nilikosa, nitakuwa nimesema Maria naye alikosa. Rafaeli atanielewa." Alfajiri ya jana, Alhamisi, tarehe 7 Agosti 1958, alifariki dunia mikononi mwa binti yake Ruthi.

Jana jioni Mzee Methusela alinifuata, akaniambia: "Laurenti mwanangu, usiniweke pabaya, soma tu kwamba alitubu, mimi nitasimamia mengine." Najua alisema kwa upendo, na mstari huo ulipaswa kuwa hapa nilipofika. Nimewauliza watoto, na Ruthi amesema mama kulala mbali na baba ni uchungu, lakini kulala karibu naye kwa uongo ni uchungu zaidi. Basi nasema mbele ya jeneza hili kwamba dada yangu hakutubu, na kwamba tutamzika hapahapa shambani kwake, bila kengele.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa Tanga, tunawashukuru karani na wafanyakazi wenzangu wa mkonge waliochanga mbao za jeneza, tunamshukuru Bi Mwanamkasi aliyemwogesha dada wakati wa ugonjwa wake, na tunamshukuru Mzee Zubeiri na vijana wake, ambao baada ya vijana wetu kukatazwa kushika jembe waliamka na kuchimba kaburi hili, nao wametuomba tumalize kabla ya adhuhuri wapate kuwahi sala ya Ijumaa. Mzee Methusela, hatujakufukuza, udongo upo, ukitaka kumtupia mwalimu wa mkeo utapishwa njia.

Dada Yudith, sisi tuliobaki tutaendelea kubishana, wewe umekwisha kuwaona wenyewe, yule Maria na yule Paulo, waulize taratibu, na upumzike kwa amani.