Ufunguo wa Chemba Uliokwenda Semina

Kijiwe cha Mchikichi hakikuwa na bao wala karata. Kilikuwa na benchi moja la mninga lililopinda katikati, na dele la kahawa la Mzee Awadhi, na watu wanaonunua kikombe kimoja wakaongea maneno ya vikombe kumi. Mbele ya benchi lilisimama bomba la mtaa, na kando yake chemba ya koki ya maji, yenye mfuniko wa chuma na kufuli kubwa la serikali. Miaka hiyo ya Ujamaa kila kitu kilikuwa chetu sote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukigusa. Siku ninayowaambieni, bomba lilikuwa limekauka wiki mbili nzima. Ndoo zimepangwa foleni kutoka bombani hadi duka la sukari, na asiye na ndoo ameweka jiwe kushika nafasi yake. Hapo ndipo alipotokea Marcelino, fundi wa maji wa mtaa, katoka Morogoro, mkoba mpya wa semina begani, na ufunguo wa kufuli lile mfukoni mwa suruali.

— Bwana Koki huyooo! Semina oyee!

Huyo ni Kasmir, aliyeitwa Redio kwa kuwa hajazimika tangu azaliwe.

— Oyee, akaitikia Marcelino, sauti kama ya mgonjwa. Shikamoo, Mzee Awadhi.

— Marahaba, baba. Karibu kahawa, ila leo nusu kikombe. Maji haya nimeyabeba kichwani kutoka Ilala, na kichwa chenyewe ndicho hiki.

— Kutoka Ilala? Kwani hapa pana nini?

Aliuliza kama hajui, na macho yake yameshaziona ndoo. Aliyemjibu ni Theophil, mwenye duka la sukari, Mchaga wa Marangu. Walimwita Azimio, maana hakuuza hata kibaba bila kukutolea hotuba ya ujamaa kwanza.

— Ndugu Marcelino, tangu uondoke hatujaona tone. Ufunguo wa chemba umepotea.

— Umepotea?

— Shomari kaupoteza! akadakia Redio. Yule msaidizi wako. Kakiri mwenyewe mbele ya balozi wa nyumba kumi: "Mimi ndiye niliyeupoteza, jamani, nisameheni." Wewe uliwahi kuona mtu bwege namna hiyo?

Marcelino akapeleka mkono mfukoni. Chuma kilikuwapo, kina joto la paja lake. Akautoa mkono upesi kama aliyeguswa na siafu.

Ukweli wa jambo hili ni mfupi na haupendezi. Mwaka wa nyuma yake Marcelino alipelekwa kozi ndogo, akamwachia Shomari ufunguo. Kijana akafungua maji asubuhi na jioni bila kuchelewa, wala hakumfokea mama wa mtu. Marcelino aliporudi akamsikia Klara muuza maandazi akisema, "Huyu naye angekaa hukohuko." Neno lile lilimkaa kooni mwaka mzima. Basi safari hii, alfajiri ya kuondoka, alifunga koki, akafunga chemba, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia Shomari, "Ufunguo nimeukabidhi ofisini, ukitaka kaufuate." Alitaka wamkumbuke kidogo tu, siku tatu za semina. Lakini semina haifungwi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi kila siku alikuwa anakuja kesho. Wakawa wanakula, wanalala, wanamsubiri.

Sasa akili ikamwambia Marcelino kilichotokea. Shomari alikwenda ofisini, akakuta hakuna ufunguo, akaelewa. Akarudi mtaani na kuubeba mzigo usio wake, maana Marcelino ni kaka yake wa kazi, ndiye aliyemfundisha kushika spana. Haya ikampanda Marcelino tangu shingoni mpaka kwenye masikio.

— Na kufuli mbona hamkulivunja? akauliza.

— Tulivunje! Azimio akashika kifua. Mali ya umma? Ndugu, wewe umetoka semina au umetoka kilabuni? Tumeomba kibali cha kuvunja. Kibali kinasubiri sahihi ya bwana mkubwa.

— Na bwana mkubwa yuko wapi?

— Yuko semina.

Redio hakuweza kungoja zaidi.

— Mimi najua ufunguo ulipo. Kauza! Kawauzia wale wenye mikokoteni ya maji. Shomari mpole mno yule, na wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sasa mtu asiyejikwaa wiki nzima, mwezi mzima, si lazima awe mwizi?

— Hiyo methali haisemi hivyo, akasema Mzee Awadhi.

— Inasema hivyohivyo, ila watu hawaimalizii.

— Nyie mnaangalia karibu, akasema Azimio. Angalieni mbali! Beberu anafahamu kwamba mfanyakazi asipooga, haendi mkutanoni. Asipokwenda mkutanoni, hakuna maazimio. Bila maazimio nchi imekwisha. Ufunguo mmoja tu, ndugu zangu! Hivi sasa uko Ulaya, mezani, wanaupima.

— Aka! akadakia Redio. Ulaya wapi. Panya hao! Panya wa sokoni hapa wameshamaliza mahindi, sasa wanakula chuma. Nimesikia.

— Umesikia redioni?

— Redio si ndiyo mimi?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Marcelino akacheka nao, kicheko cha meno matupu, na moyoni anajichukia kwa kila jino.

Mzee Awadhi akagonganisha vikombe vyake, kisha naye akatoa lake, taratibu, kama mtu aliyelifikiria usiku kucha.

— Mimi nasema kaumeza. Mtazameni kijana alivyokonda. Nampa kashata, hali. Nampa kahawa, hanywi. Mtu hali kwa nini? Kuna kitu tumboni kimeziba.

— Ee bwana! Redio akapiga paja. Apelekwe akapigwe picha!

Marcelino akajua kwa nini Shomari hali. Chakula hakipiti mahali palipojaa matusi. Akauliza kwa sauti ndogo:

— Watu wanamfanyaje?

— Si kitu kikubwa, akasema Redio. Klara hamwuzii maandazi. Watoto wanamwimba wakitoka shule. Jiwe lake kwenye foleni tumelitupa mwisho kabisa, pale karibu na jalala. Na leo alasiri tawi la chama linakaa kumjadili. Wanasema ni mhujumu, aachishwe kazi, akalime.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, akaongeza Azimio, na hapa hakuna aliyejua mwana ni nani.

Marcelino hakukimaliza kikombe chake. Akakiweka chini.

— Ehe, tuachane na huyo, akasema Redio. Tupe mambo ya Morogoro. Mmesoma nini huko? Nasikia mnalala vitanda vya springi na kula kuku mara mbili.

— Tulisoma... kumtumikia mwananchi.

— Safi! Wanasemaje?

— Tuligawanywa makundi. Kila kundi likatoa msemaji. Kundi letu msemaji nilikuwa mimi.

— Wacha wee! Ukasemaje?

Hapa Marcelino angependa ardhi ipasuke. Kwa kuwa alilikumbuka vizuri sana neno lake, na makofi yake, na jinsi alivyorekebisha kola ya shati alipokuwa anakaa. Akalisema akitazama viatu.

— Nilisema, mtumishi bora ni yule ambaye hata asipokuwepo, kazi yake ipo.

— Mnasikia? Azimio akasimama. Mnasikia maneno ya mtu aliyeelimika? Shomari angekuwa hapa alisikie hilo, mbwa yule!

— Usimtukane, akasema Marcelino.

— Una huruma wewe. Haya, fundi mzima, kweli huna ufunguo wa akiba?

Swali hilo, jamani, lilikuwa tamu. Lilimfungulia mlango mpana. Aende nyumbani Magomeni, akae kidogo, arudi na "wa akiba", afungue maji, mtaa umshangilie, na siri ife. Shomari? Shomari ameshazoea. Marcelino alishalipenda wazo hilo kabla hajajizuia, na alipoona alivyolipenda, akajionea kinyaa.

Bado akasema:

— Huenda upo. Nikitafuta nyumbani.

— Alhamdulillahi! akasema Mzee Awadhi.

Ndipo akafika mwanamke mgeni, ndoo ya bati mkononi, kitenge kimefungwa kisafari. Kwa salamu yake tu ungejua anatoka kusini, Songea huko.

— Shikamooni, wazee wangu. Naitwa Winifrida, mdogo wake Theopista wa nyumba ile ya kona. Naomba maji ya kukorogea uji tu. Mgonjwa hajala.

— Pole, mwanangu, akasema Mzee Awadhi. Mkono wake unaendeleaje?

Marcelino akageuka.

— Theopista amefanya nini mkono?

— Aliteleza na ndoo, kaka, akirudi Ilala alfajiri, akavunjika hapa juu ya kiwiko. Mimi nimeletewa habari nikapanda basi. Kijana mmoja anaitwa Shomari ndiye aliyemkokota kwa mkokoteni mpaka Muhimbili, na ndiye anayetuletea maji kila siku. Leo sijamwona, naambiwa amejifungia ndani.

— Huyohuyo ndiye aliyepoteza ufunguo! akasema Redio. Anajikosha huyo, dhambi inamsuta.

Winifrida akaweka ndoo chini. Hakuwa anashindana na mtu. Aliuliza kama anavyouliza mgeni njia.

— Samahanini, mimi mgeni. Hivi siku ulipopotea, nani kati yenu aliuona ufunguo huo mkononi mwake?

Azimio akamtazama Mzee Awadhi. Mzee Awadhi akatazama makaa. Wiki mbili walikuwa wameupeleka ufunguo ule Ulaya na tumboni mwa panya, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama safari hii Shomari aliwahi kuushika.

Marcelino akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka juu ya benchi, na mlio wake kwenye ubao ukawa mdogo tu.

— Hakupewa, akasema. Nilifunga mimi, nikaenda nao Morogoro. Nilitaka mnikumbuke. Shomari hana kosa hata moja.

Ungetarajia matusi, na Marcelino aliyangoja kama mtu anayengoja mvua akiwa ameshalowa. Winifrida ndiye aliyesema:

— Basi fungua, kaka. Uji unasubiri.

Akafungua. Kufuli lilikuwa limeanza kutu. Akainama ndani ya chemba mpaka mabegani, akazungusha koki, bomba likakohoa, likatema maji ya rangi ya chai, likanyamaza, kisha maji yakaja safi kwa kishindo. Hapo mtaa ukafumuka. Wanawake wakatoka kila mlango, watoto wakaingia chini ya bomba na nguo zao, na Klara muuza maandazi akapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni.

— Mnaona tofauti ya mtu aliyesoma? akapaza sauti Klara. Karudi leo, maji leo! Semina oyee!

— Oyeee!

— Si kama yule mzembe wake!

— Hapana! akasema Marcelino, matope magotini. Hapana, mama Klara, sikilizeni. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Ni mimi niliyewafungia.

Wakamtazama, kisha wakaangua kicheko cha upendo.

— Msikieni! Anamkingia mdogo wake! Ndiyo uungwana huo. Hata hayo wanawafundisha huko, kubeba lawama za wa chini yao!

— Mwaka ujao aende tena! akasema mwingine. Tutamwomba bwana mkubwa wenyewe!

Winifrida alikuwa ameshajaza ndoo yake akaenda kukoroga uji, basi Marcelino akageukia benchi.

— Redio, waambie. Umenisikia. Azimio, waambie basi.

Redio, ambaye hajazimika tangu azaliwe, alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Mzee Awadhi alikuwa anapuliza makaa yake, na Azimio alikuwa ameshaanza kurudi dukani kwake. Maana kusema kweli saa ile kungewalazimu waseme na yale mengine, ya mhujumu, na ya jiwe lililotupwa karibu na jalala.

Huko mwisho wa foleni alikuwa amesimama Shomari na ndoo yake, shati limemning'inia. Kelele ndizo zilizomtoa ndani. Marcelino akapita katikati ya watu wanaompigapiga mgongo, akamfikia.

— Karibu nyumbani, kaka, akasema Shomari.

— Waambie wewe. Wewe watakusikia.

— Mimi niliwaambia uongo mara moja, wakaniamini palepale, akasema Shomari. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Marcelino zaidi. Sasa zamu yako, akaongeza. Tawi linakaa alasiri.

Marcelino akamshika mkono, akarudi naye mpaka chembani, akapanda juu ya mfuniko wa chuma huku machozi yanamtoka hadharani, mtu mzima na mkoba wa semina begani. Akainua sauti yake yote.

— Ndugu zangu!

— Oyeee! wakaitikia.