Macho ya Mama Yameingia Ukungu

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mshonaji mwenye futi na kamera shingoni alikuwa akimwonyesha picha jirani yake, kinyozi. Walikuwa hawajuani. Kinyozi naye alikuwa amepakata kamera, na hiyo ilitosha kuwafanya ndugu.

"Huyu mama yangu," mshonaji alisema. "Nilifungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili kitanda cha wodini kipotelee kwenye ukungu. Kikapotea kweli, na macho yake yakapotea nacho. Kilichotoka vizuri ni pua."

"Ulilenga pua, dada. Lenga jicho, halafu funga lenzi kidogo."

"Nikifunga, kitanda kitaonekana, na dripu. Mwenyewe kaniambia, mwanangu, nipige picha ya kutundika ukutani, si ya mgonjwa."

"Basi subiri apone, umtoe nje kwenye mwanga."

Mshonaji akacheka kicheko kikavu. "Kweli wewe kinyozi. Unadhani kila kitu kitaota tena."

Kinyozi akaisogeza picha karibu, akaitazama tena. Na mimi nikachungulia, ingawa hakuna aliyenialika.

"Wanao watataka kumwona bibi yao," kinyozi alisema. "Shuka la wodini hawatalijali."

"Yeye atalijali. Na leo nikimpiga tena, atakayeiangalia picha ni yeye."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mshonaji akashuka huku akizungusha lenzi, akiifunga, akiifungua, akiifunga.