Nani Alomsuka?

Wewe unayesoma, ushawahi kupandishwa hasira kwa ajili ya nywele za mwanamke aliyezikwa miaka elfu na zaidi nyuma? Jaifar alipandishwa Jumamosi asubuhi, kwenye benchi la nje ya duka, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, birika la kahawa katikati. Jaifar ana digrii ya akiolojia, kazi hana, na ulimi wake wembe. Makumbusho fulani yalitafuta mtu wa kuandika maelezo ya vitu. Kila mwombaji atume sauti aliyorekodi kabla ya adhuhuri ya siku hiyo, aeleze kijiti cha mfupa kilichofukuliwa kaburini, nyuma ya fuvu la mwanamke. Wenyewe wamekiandika “kijiti cha wanja”.

— Wanja kisogoni! Jaifar akawaka. Kwani ana macho huko? Hii pini ya nywele, yaa jamaa!

— Mie nna yangu, akasema Mzee Ghanim, aitwaye Waziri kwa sababu aliwahi kumwendesha mmoja. Huo ufunguo wa sanduku. Mwanamke hufichia nyweleni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Mzee?

— Cha nywele!

Wael, ambaye kila jambo huuliza simu yake, ndiyo maana wakamwita Gugo, akaruka:

— Wallahi silaha hiyo! Mume akizidisha maneno, chwi! Wanawake wa zama zile walikuwa jeshi zima.

— Jeshi la wapi?

— La saluni! Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

— Khalas, habibi, mmeniua! akasema Jaifar. Alijisuka mashungi mawili, akayazungusha kisogoni, akachomeka pini. Full stop. Nimeandika thesis nzima!

Bi Khole, mkewe Waziri, akaja kufuata birika lake. Akaitazama picha ya kijiti kwenye simu ya Jaifar.

— Mwanangu, mie huku nyuma sijifikii, hunisuka dada yangu Balqis, tangu tuko Unguja. Huyu nani alomsuka?

Gugo akaipapasa simu, akaanza kuiuliza. Jaifar akaipekua thesis yote kichwani: mifupa imo, udongo umo, mikono ya msusi haimo. Hasira zikamwisha, akajikuta anacheka. Akakitikisa kikombe, yaani imetosha, akabonyeza kurekodi.

— Wakubwa wa makumbusho, salamu aleikum. Futeni wanja wenu! Andikeni: pini ya nywele, aliyemsuka mwenye pini bado hajulikani. Kisha niajirini nikamtafute. Na Bi Khole mumwekee kiti kabla ya changu!