Mama Pasi Anazima Pasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, yote katika shule yetu hii ya sekondari, mwalimu wa sayansi kimu na mshauri wa wanafunzi anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye faili tunalijua, ila tukilitaja hapa wanafunzi watauliza huyo ni nani. Kwao, na kwetu, ni Mama Pasi.

Alipokabidhiwa kazi ya ushauri alipewa chumba chenye maandishi makubwa mekundu mlangoni: USHAURI NASAHA. Muhula mzima hakuingia mtu. Nani aingie huku darasa zima linamchungulia? Mama Pasi alikwangua maandishi yale, akaingiza meza na pasi mbili, akatangaza paredini kwamba mwenye shati lililokunjamana aje. Wakaja. Macho yakiwa kwenye kola, mdomo hufunguka wenyewe. Walianza na kola wakamaliza na baba aliyehama nyumbani. Mpaka leo, mwanafunzi wetu akisema anakwenda kupiga pasi, hakuna anayemuuliza shati liko wapi.

Makamu mkuu wa shule alipohamia kwetu hakulijua hilo. Aliona foleni ya mashati, akadhani mwalimu amefungua udobi kwa umeme wa shule. Akaja juu, akaagiza kila mtu anyooshe nguo zake bwenini. Mama Pasi akamjibu kwa adabu zote kwamba sawa, basi na mioyo waje nayo imenyooshwa. Makamu akaliacha agizo lake. Siku hizi naye huonekana mle, shati begani, na hatumuulizi.

Tusimpambe kupita kiasi. Ameunguza sketi nyingi, ya mkuu wa shule ikiwemo, kwa sababu akisikiliza mtu husahau kabisa kilicho mezani.

Mwaka mmoja, mitihani ikikaribia, aliingia kiranja mkuu, binti aliyeongoza darasa tangu kidato cha kwanza. Blauzi yake ilikuwa imenyooka tayari. Akaipiga pasi, akaikunjua, akaipiga tena. Mama Pasi alichomoa waya ukutani, akafunga mlango, akamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Binti akasema ndiyo. Hakumkemea, wala hakumwambia ajikaze, neno ambalo sisi wengine tulikuwa tukiligawa kama pipi. Alikaa naye mpaka mama mzazi alipofika, wakaenda wote watatu hospitali kwa daktari wa afya ya akili. Binti alitibiwa, akarudi muhula uliofuata. Siku aliyoingia getini walimu tulilia ofisini, tukasingizia vumbi la chaki.

Juzi alipiga simu. Ni mama wa watoto wawili sasa, na mdomo haumpumziki. Alitaka kujua chumba anaachiwa nani. Alipoambiwa ni mwalimu wa michezo, ambaye hajawahi kunyoosha hata leso, alicheka mpaka akakohoa, akaahidi kuja kumfundisha.

Mama Pasi, asante sana. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, wajukuu watundu, na afya ya kuwakimbiza. Matokeo mazuri yako mengi kwenye ubao wa shule, na tunajivunia yote. Lakini kwa hili tunakushukuru kuliko yote: binti yupo.