Kidonda Kisichouma

Miaka ile ya Federesheni ya wakoloni, kijiwe cha Nchelenge, kando ya ziwa, kilikuwa ubao mmoja uliong'olewa kwenye mtumbwi mbovu, ukawekwa mbele ya banda la Katongo, muuza kahawa iliyovushwa kutoka Kongo. Hapo walikaa watu wazima wenye akili zao, lakini ukiwasikiliza ungeshangaa akili hizo wameziacha wapi. Asubuhi hiyo Rodwell alifika na shati safi na moyo mweupe. Alfajiri mkewe, Eness, aliteleza akaangukia wavu wa chuma wa kukaushia samaki, moto ukiwaka chini yake. Mkono uliungua. Rodwell akaupaka mafuta ya mawese na majivu, akasema umepona, akaja kunywa kahawa.

— Hata hakulia! alijisifu.

— Basi moto haikuingia, alisema Ackson. Walimwita Munganga kwa sababu aliwahi kulazwa hospitali ya Elisabethville, tena kwa jino. — Mutu akilia, njo moto inaingia.

— Ngozi iko namna gani? aliuliza Kalaba, aliyeitwa Radio kwa sababu hazimiki.

— Nyeupe. Kavu, sawa ngozi ya ngoma.

— Nyeupe njo muzuri! Radio alidakia. — Ngozi ya mupya inatoka!

— Ile mafuta ilifungia moto ndani, Munganga alieleza. — Sasa inakosa pumuzi, inakufa.

— Ongeza nyongo ya mamba, alisema Radio. — Kule Chisenga walipaka mutu moja, kesho yake anavuta wavu peke yake, watu wanne banaangalia.

— Watu sita, Munganga alimsahihisha, ingawa hakuwapo.

Rodwell alicheka, kichwa kimemvimba kwa sifa. Mama Chabu, mchuuzi wa samaki aliyevuka ziwa asubuhi hiyo, alikuwa amesimama kando na kikombe chake.

— Samahani, mukwai. Ukibonyeza ule mukono, ye anasikia kidole yako?

Munganga alitazama ndani ya kikombe. Radio alizimika.

— Nauliza ju ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, mama akaendelea. — Yake pia ilikuwa nyeupe, haikuuma. Opitali banasema moto ikikula mpaka chini kabisa, mutu hasikii tena. Inataka maji ya baridi pale pale, kitambaa safi, na opitali mbio. Mafuta hapana.

— Na yaya yako alipona? Rodwell aliuliza.

— Tulichelewa, baba.

Hapo Rodwell akakumbuka. Alipokuwa akimpaka, akikandamiza kwa kiganja kizima, Eness, uso kaugeuza pembeni, alimwuliza: "Unaanza kupaka saa ngapi?" Naye akacheka. Aibu ilimpanda usoni mbele ya wenzake wote. Aliacha kahawa, akakimbia.

Alimkuta Eness palepale penye moshi, anageuza samaki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia, unang'aa mafuta.

— Usikasirike, Baba Mwaba, alimwambia mumewe. — Samaki ingine imeungua. Mukono moja haitoshi.

Rodwell alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Acha iungue yote. Tunakwenda opitali.

Alimmwagia maji ya mtungi, polepole, kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa. Kilichokuwa safi katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu: shati alilovaa kwenda kijiweni, ambalo Eness alilifua jana. Alilivua, akalichana.