Nyanya Rael na Jina Lililompotea

Marehemu nyanya yetu Rael, mjane wa Zephaniah Okwara wa Amukura, alizaliwa yapata mwaka 1884, mahali ambapo hakuna ajuaye. Akiwa na miaka minne hivi alitekwa na msafara wa wauza watumwa. Wao walimwita Faida. Alipougua ndui walimtupa njiani, na mjane mmoja wa hapa akamwokota. Alipona, lakini jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshampotea. Alikumbuka sauti ikimwita, neno lenyewe hapana.

Aliolewa mwaka 1902. Mjane yule alikuwa ameshafariki, hivyo ng'ombe wa mahari walikosa hata boma la kupelekwa. Wake wenzake walimwambia usoni, “Mkosa kwao mtumwa.” Methali hiyo haitamkwi tena nyumbani kwetu. Alizaa watoto sita, akazika wanne. Jina la Rael alilipata kwenye ubatizo, mwaka 1931.

Shule aliiona uzeeni, mwaka 1951, katika darasa la watu wazima kanisani. Mwalimu Callistus alidhani anataka kusoma Injili. Wapi! Alifungua zile sura za Biblia zenye majina matupu ambazo sisi wote huziruka, akazisoma kwa sauti, akingoja moja limshtue. Zilipokwisha, alianza kwenda mpakani Malaba kuwasimamisha madereva wa malori yaliyotoka Uganda.

“Kijana wangu, nyanya yako anaitwa nani?”

“Mama, mimi ni dereva tu, si kitabu.”

“Hata kitabu kimenishinda,” alijibu, akacheka. Nyumbani alilia.

Mwaka 1965 mtoto wa jicho alimpofusha. Mjukuu wake Nerima, anayewasomea wasifu huu, akawa macho yake, akimsomea majina popote alipoyakuta. Kwa kila jina Nyanya alitikisa kichwa. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1967, homa ya mapafu ikiwa imemzidi, alisema, “Soma lingine.” Hakungoja kulisikia.

Ameacha watoto wawili, Methuselah na Apolot, pamoja na wajukuu na vitukuu. Inatuuma sana kwamba alitafuta mpaka mwisho na hakupata. Msalabani tumeandika Rael kwa sababu hatukuwa na lingine. Sasa hivi mchungaji atawaita watu wa ukoo uliomzaa watupe udongo wa kwanza, kama ilivyo desturi. Tafadhali, mtu asiye wa ukoo huo asisimame kwa huruma.

Alale kwa amani. Na huko aendako, mama yake amwite.